Mtaalamu wa Nje ya Mstari

Sogeeni karibu, nisije nikalazimika kupaza sauti. Nchi ninayoisimulia haipo. Ukiitafuta kwenye ramani utachoka bure, na ukihisi kama umewahi kukaa huko, ukalipa kodi huko na kupanga foleni huko, basi hiyo ni homa tu, nenda kapime. Inaitwa Mzingo, na watu wake ni watulivu kupita kiasi.

Zamani huko Mzingo mambo yalikuwa ya kishamba. Bomba likipasuka, mtu alimwita fundi, fundi akaja na spana yake, akakaza, akalipwa, akaenda zake. Daraja likibomoka, lilijengwa. Hakuna aliyejisumbua kuuliza daraja lina uhusiano gani na bei ya vitunguu. Kisha Mtukufu Rais akasafiri kwenda ng'ambo kwenye kongamano, akasinzia kidogo wakati wa hotuba, akazinduka mahali ambapo msemaji anasema kila kitu kimeungana na kila kitu. Mtukufu alirudi nyumbani macho yamemtoka. Palepale uwanja wa ndege, kabla hata hajavishwa shada la maua, alitangaza kwamba kuanzia saa ile ni marufuku kutatua tatizo moja peke yake. Matatizo yote yatatatuliwa kwa Fikra ya Mfumo Mzima.

Haikupita wiki, fundi bomba mmoja akakamatwa na spana mkononi. Alishtakiwa kwa kosa la kurekebisha sehemu bila ridhaa ya mzima. Hakimu alikuwa mtu wa huruma, hakumfunga. Alimwamuru tu arudi kwa yule mama aliyemwita, akalegeze ile nati, bomba livuje kama lilivyokuwa likivuja.

Ikaundwa Wizara ya Mahusiano ya Mambo Yote. Waziri wake akawa Dakta Mashauri Ndimbo, mtu mnene mwenye sauti laini, aliyekuwa na udaktari wa fani ambayo hakuwahi kuitaja. Na kwa kuwa mfumo hauwezi kujichora wenyewe, akatafutwa mtaalamu wa kuuchora. Akapatikana Anzuruni Ngoda.

Huyu Anzuruni ndiye mtu wangu, mshikeni vizuri. Alikuwa mwalimu wa jiografia, mwembamba, mpole, mpenda chaki. Hakutaka ukubwa. Alikubali kazi ile kwa sababu moja tu, nayo ilikuwa inaitwa Sikitu. Sikitu alikuwa mke wake, mshonaji wa sare za shule, mwanamke mwenye mdomo mwepesi na figo zilizogoma. Kila wiki ilibidi alazwe pembeni ya mashine, damu itolewe, isafishwe, irudishwe. Mashine ile ilikuwa inakunywa maji kwa mapipa. Na Anzuruni aliambiwa kwamba mtumishi wa cheo chake hutibiwa bure, yeye na mke wake, mpaka mwisho wa maisha. Hakuuliza maisha ya nani.

*

Sasa niwaeleze tatizo linavyotatuliwa huko Mzingo, maana msije mkadhani natia chumvi.

Kuna jengo linaitwa Ukumbi wa Ukamilifu, lililojengwa kwa fedha za zahanati ambazo, kwa mtazamo wa mzima, zilionekana hazihitajiki. Asubuhi mtaalamu huchora mstari mkubwa wa chaki sakafuni. Huo ndio mpaka wa mfumo. Kilicho ndani kipo. Kilicho nje hakipo. Ndani ya mstari huchorwa miduara, na kila anayehusika na tatizo, yaani mdau, husimama kwenye mduara wake. Halafu wadau hufungwa kamba: ukimuathiri mwenzako, unamshikisha kamba, naye akimuathiri mwingine anamshikisha yake. Kamba zikishajaa, Waziri hupuliza filimbi. Yule atakayekutwa ameshika kamba nyingi kuliko wote, huyo ndiye chanzo cha tatizo. Chanzo hukaa ndani mpaka kesho yake asubuhi, kikitunzwa kwa heshima kama mali ya serikali, kisha hutolewa nje ya mstari, na tatizo huhesabiwa limekwisha.

Wazo si baya. Ila wadau wa Mzingo si wajinga. Kila mmoja alijifunza upesi kwamba kamba ni kitu cha kupokea kwa mkono wa kulia na kusukumia jirani kwa mkono wa kushoto. Mwaka umeme ulipokatika, chanzo alionekana kuwa kiongozi wa kwaya, aliyealikwa kutumbuiza tu, kwa vile mikono yake ilikuwa imenyooshwa muda wote. Mwaka sukari ilipoadimika, chanzo kilikuwa bibi mmoja aliyepitiwa na usingizi, akaamka amekumbatia uzembe wa serikali nzima.

Na mtaalamu je? Mtaalamu hukaa juu ya ngazi. Ngazi ndefu ya mbao, iliyosimamishwa nje ya mstari, ili auone mzima bila kuugusa. Siku ya kuapishwa, Anzuruni aliinua chaki akatamka maneno ya kiapo: "Mimi si sehemu. Sina kiu, sina njaa, sina jirani. Ninaona, sionekani." Watu wakapiga makofi. Utepe wa kijani, ambao kila mwananchi wa Mzingo huuvaa mkononi kuonyesha kwamba yumo kwenye mfumo, ukakatwa kwa mkasi wa dhahabu. Siku ile ile afisa mmoja mstaarabu alifika nyumbani kwake, akauzungushia ua mstari wa chokaa, akamwomba radhi Sikitu, akaukata na wake.

"Huu nao wa nini?" Sikitu aliuliza, akijishika kifundo cha mkono.

"Mtaalamu hatakiwi kuwa na maslahi, mama."

"Kwa hiyo mimi ni maslahi?"

Afisa akacheka kwa adabu. Anzuruni naye akacheka. Aliona ni heshima, masikini. Kucheka kule kulikuja kumtafuna baadaye.

*

Ukaja ukame wa mabomba. Nasema mabomba, maana mvua ilikuwa inanyesha kama kawaida. Mto ulikuwa umejaa, bwawa limejaa, lakini mji mkuu ulikuwa mkavu. Kila aliyekuwa na macho alijua maji yanakwenda wapi. Ikulu walikuwa wamechimba ziwa. Liliitwa Ziwa la Tafakuri, na kazi yake ilikuwa kuliakisi sanamu la Mtukufu lililosimama ukingoni, ili anayepita alione mara mbili, moja limesimama na moja kichwa chini. Ziwa lilikuwa na matobo chini, likinywa usiku na mchana. Jambo hili lilijulikana kwa wote, kwa hiyo halikuwa na haja ya kusemwa.

Kikaitishwa kikao. Asubuhi, kabla ya wadau kufika, Anzuruni alikuwa amepiga magoti akichora mstari. Waziri alitembea pembeni yake taratibu, mikono nyuma. Chaki ikazunguka bwawa, ikazunguka bomba kuu, ikafuata tawi linalokwenda Ikulu. Waziri akakohoa.

Anzuruni akasita. Akasogeza chaki kidogo. Waziri akakohoa tena.

"Pole, Mheshimiwa."

"Vumbi la chaki," alisema Waziri. "Endelea tu, Mtaalamu. Wewe uko huru. Sisi hatuwezi kukuingilia kwenye taaluma."

Anzuruni akaupindisha mstari. Lilikuwa pindo dogo, la kiwiko hivi, ukilipita haraka hulioni. Tawi la Ikulu likabaki nje, na ziwa nalo likabaki nje. Mkono wake haukugoma, na hilo ndilo lililomshangaza. Akajipangusa magoti, akapanda ngazi yake.

Wadau wakaingia. Alikuwepo mkurugenzi wa maji, walikuwepo wenye maboza ya kuuza maji, alikuwepo daktari wa hospitali kuu, alikuwepo mama mmoja na ndoo aliyewakilisha wananchi wote, na alikuwepo mbuzi aliyewakilisha mazingira. Kamba zikaanza kupita. Juu ya ngazi Anzuruni aliona kila kitu, ndiyo kazi yake. Aliona kamba moja nene, ya bomba kuu lenyewe, imeburutwa sakafuni mpaka kwenye lile pindo la chaki, ikapita chini ya pazia, ikatokomea.

"Mheshimiwa," aliita, "ile kamba inakwenda wapi?"

Waziri akatazama juu kwa upole. "Inakwenda nje ya mpaka."

"Na nje ya mpaka kuna nini?"

"Nje ya mpaka hakuna kitu, Mtaalamu. Ndiyo maana pakaitwa nje."

Wadau wakaitikia kwa vichwa. Yule mama wa ndoo tu ndiye aliyemkazia macho Anzuruni, akamtazama na ile ngazi yake, akatazama mguu wa ngazi ulikosimama. Filimbi ikalia. Kamba nyingi zilikutwa zimening'inizwa kwenye pembe za mbuzi. Kesho yake mbuzi alitolewa nje ya mstari kwa mujibu wa sheria, na huko nje kukanukia mchuzi. Maji hayakutoka. Waziri alilieleza taifa redioni kwamba hayajatoka kwa sababu mfumo unajifunza, na wananchi wasiusumbue wakati unasoma.

*

Siku ya mashine ya Sikitu ilipofika, Anzuruni alimkodia bajaji. Miguu ilikuwa imemvimba, viatu haviingii, amevaa kandambili za mumewe. Mlangoni mwa wodi alisimama Sista Pudensiana, muuguzi aliyemhudumia tangu ugonjwa ulipoanza, mwanamke mkubwa asiyependa kuonwa akilia.

"Mwalimu," alisema, maana hakuwahi kumzoea kwa cheo kipya, "utepe wake uko wapi?"

"Ulikatwa, Sista. Nilipoapa."

"Maji yanakuja kwa boza la wizara. Ni ya wenye utepe tu. Na yenyewe hayatoshi, tunasafisha nusu nusu. Boza likifika, mlinzi anasimama hapa, anatazama mkono wa kila mtu."

"Lakini mimi ndiye mtaalamu wa hayo maji!"

"Ndiyo maana humo kwenye mfumo, Mwalimu." Sista alishusha sauti. "Mrudishe nyumbani. Asinywe sana, asile chumvi. Apumzike. Mungu wangu, nakwambia apumzike!" Akageuka ukutani.

Sikitu alicheka kidogo kwa pumzi iliyokatika. "Kumbe kweli mimi si sehemu," alisema. "Nirudishe kwenye bajaji, mume wangu, kabla dereva hajatudai pesa ya kusubiri."

Anzuruni alimlaza nyumbani, akakimbia wizarani. Alikimbia kweli, mtu mzima wa tai. Waziri alimpokea vizuri sana, akamwagizia chai.

"Mheshimiwa, naomba nichorwe ndani. Mduara mdogo tu. Pembeni hata."

"Mtaalamu! Kwa nini?"

"Nakunywa maji, Mheshimiwa. Mke wangu anakufa kwa kukosa maji. Mimi nimo. Nilikuwemo siku zote."

Waziri alitikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. "Hayo unayoyasema ni maslahi. Mtaalamu hana maslahi. Ukiingia ndani, nani atauona mzima? Lakini mimi si mkatili. Sheria inaruhusu mtu wa nje achorwe ndani, alimradi achorwe na mtaalamu aliyeko nje."

"Basi nitajichora."

"Huwezi kujichora. Utakuwa unajipendelea."

"Basi atafutwe mtaalamu mwingine anichore."

"Nchi nzima mtaalamu ni mmoja, nawe ndiye. Hongera sana." Waziri akamsogezea kikombe. "Kunywa chai, inapoa. Eh, samahani, nimesahau. Huna kiu."

Akakirudisha kikombe upande wake, akainywa chai mwenyewe.

*

Tatizo la maji lilirudi mezani, safari hii limebadilishwa jina likaitwa changamoto ya unyevu. Kikao kikaitishwa, na Mtukufu mwenyewe akaja, akakaa kwenye kiti kirefu karibu na pazia. Anzuruni alichora mstari. Walipofika kwenye pindo Waziri hakukohoa hata kidogo. Mkono ulijua njia.

Juu ya ngazi, siku hiyo, Anzuruni hakuona mzima. Aliona miguu ya Sikitu iliyovimba. Chini wadau walikuwa wamekuwa mabingwa: kamba zilipita kasi hata hakuna aliyezishika, zikawa zinaruka hewani, zikaanguka zote katikati ya sakafu. Mkurugenzi akarudi nyuma. Wenye maboza wakaficha mikono mifukoni. Daktari akajifanya anafunga viatu. Zilibaki rundo, hazina mwenyewe, na Waziri alikuwa tayari na filimbi mdomoni, uso umeanza kumtoka jasho. Kikao kikikosa chanzo mbele ya Mtukufu, chanzo ni Waziri.

Hapo ndipo Anzuruni aliteremka. Ukumbi mzima ukasikia vipago vya ngazi vikilia. Akavuka mstari wa chaki, mguu wa kwanza, mguu wa pili, akaenda moja kwa moja kwenye lile rundo, akalikumbatia.

"Ni mimi," alisema. "Chanzo ni mimi. Nimeshika kamba zote, mnaona? Piga filimbi, Mheshimiwa. Piga basi!"

Waziri akapuliza mpaka mashavu yakavimba. Makofi yakapigwa. Na kwa kuwa chanzo kilichopatikana ni mali ya serikali mpaka asubuhi, Anzuruni akavishwa utepe wa kijani palepale, na afisa yule mstaarabu akatumwa mbio nyumbani kwake kumfunga Sikitu utepe wake. Saa kumi jioni Sikitu alikuwa pembeni ya mashine. Sista Pudensiana alifungua koki mwenyewe, akasimama akiisikiliza inavyonguruma.

Asubuhi chanzo kikatolewa nje ya mstari, kwa mujibu wa sheria. Tepe zikakatwa. Na nje ya mstari palikuwa na nini? Ngazi. Waziri akamshika bega.

"Panda tu, Mtaalamu. Kesho kutwa tuna kikao cha barabara."

*

Basi ndugu zangu, Anzuruni akapata riziki. Wiki ya kikao cha barabara, aliteremka ngazi akashika kamba: mashimo yote ya Mzingo aliyachimba yeye. Sikitu akasafishwa damu. Wiki iliyofuata alikiri nzige. Akakiri mafuriko ya kusini, ambako hajawahi kufika. Akakiri kupanda kwa bei ya nyama, kushuka kwa bei ya pamba na kufungwa mabao kwa timu ya taifa. Wadau wakampenda. Walikuwa wakiingia ukumbini wanamsalimia kwanza yeye, wanamrundikia kamba mapema ili wawahi kwenda kula. Waziri akapewa nishani kwa kuwa wizara yake haijawahi kushindwa kupata chanzo. Magazeti yalimtukana Anzuruni kila Jumatatu, na kila Jumanne yalimsifu kwa uchambuzi wake usioegemea upande.

Ilikuwa kazi ya kutweza, lakini hakujali. Alichokiogopa ni wiki moja tu bila tatizo. Alianza kuzunguka mitaani akiwauliza watu kama mtu aliyepotelewa na kitu. "Hakuna shida huku? Jamani, hata ndogo? Mbwa? Panya?" Watu wakamwonea huruma, wakamtafutia.

Sikitu hakujua kwa muda mrefu. Alijua tu utepe unafungwa na kukatwa. Aliyemwambia ni gazeti lililofungiwa karanga. Alilikunjua kitandani, akalisoma, akamngoja mumewe.

"Anzuruni. Mafuriko ya kusini ni wewe?"

"Ndiyo."

"Na nzige?"

"Nzige pia."

"Mabao?"

"Ilibidi, Sikitu. Hapakuwa na tatizo lingine wiki ile."

Alicheka hadi akakohoa. Akamshika mkono, akavipapasa vidole vilivyokauka kwa chaki. Kisha kicheko kikakatika.

"Na maji? Maji ni nani?"

Anzuruni alitazama pembeni. Alikuwa amekiri kila kitu nchini bila kuona haya, na sasa aliona haya kwa neno moja. "Maji," alisema mwishowe, "maji kweli ni mimi. Kuna pindo, Sikitu. Alikohoa nikapindisha mstari. Ziwa likabaki nje. Ningeliacha ndani wangeliona wote, yule mama wa ndoo angeshika ile kamba akaivuta. Nilipindisha mwenyewe, kwa mkono huu."

Sikitu aliutazama ule mkono. Hakuutupa. Alikuwa amechoka, na uso umemvimba, lakini sauti yake ilikuwa ile ya siku zote, ya mtu anayemwambia mwenzake kwamba mshono umekwenda upande.

"Basi kafute."

"Wakinifukuza je? Nani atakufungia utepe?"

"Wodini kule kuna watu wanasafishwa nusu nusu, Anzuruni. Nimelala nao. Kafute."

*

Wiki hiyo hiyo Mtukufu akatangaza kwamba Mzingo haina tena tatizo lolote. Vyanzo vyote vimepatikana, alisema, na kwa bahati nzuri vyote ni mtu mmoja. Ikatangazwa sikukuu. Hapatakuwa na kikao, wala chanzo, wala utepe, mpaka itakapoamuliwa vinginevyo. Watu wakaambiwa wacheze ngoma, wakacheza. Siku ya mashine ya Sikitu ilikuwa ndiyo siku ya sherehe.

Sherehe ilifanyika Ukumbi wa Ukamilifu. Mchoro wa maji, pamoja na kamba zake, ulikuwa umebakizwa sakafuni kama pambo, na wageni waliombwa wasiukanyage. Mtukufu alikaa kitini pake karibu na pazia. Katikati ya hotuba ya Waziri, Anzuruni aliingia. Hakupanda ngazi. Alipiga magoti kwenye lile pindo, akaanza kulifuta kwa mkono wa shati.

Hotuba ikakatika. Anzuruni akafuta, akachukua chaki, akaliendeleza tawi la bomba. Chaki ikapita chini ya pazia, akalivuta pazia likafunguka, na dirishani kila mtu akaliona ziwa linametameta, na sanamu mara mbili. Akauzungusha mstari. Ukalizunguka ziwa. Ukazunguka kiti cha Mtukufu na miguu ya Mtukufu iliyokuwa juu yake. Ukazunguka ngazi. Mwishowe akachora mduara mdogo, akasimama ndani yake, akaiokota ile kamba nene.

Yule mama wa ndoo, aliyeletwa kucheza ngoma, aliweka ndoo yake chini. Alisogea hatua, akaushika ule mkia wa kamba nyuma ya Anzuruni. Mwingine nyuma yake akanyoosha mkono. Nawaapia, kama wangevuta! Upande wa pili kamba ile ilikuwa imepita chini ya kiti kile kirefu.

Mtukufu alimtazama Waziri. Waziri alimtazama Anzuruni, akaja taratibu mpaka ukingoni mwa mduara, akainama, akasema kwa ile sauti yake laini:

"Sasa tuna tatizo."

Anzuruni aliinua kichwa.

"Nasema tuna tatizo, Mtaalamu. Tatizo rasmi. Likiwa na chanzo sasa hivi, boza linaondoka sasa hivi. Ni saa ngapi? Nasikia mashine inafungwa saa kumi na moja."

Nyuma yake Anzuruni alizisikia pumzi za yule mama. Kamba ilikuwa imekaza mkononi, nzito, hai. Alikuwa na muda wa kuvuta. Msije mkasema hakuwa nao. Akilini alimwona Sikitu mlangoni mwa wodi amevaa kandambili zake, mkono mtupu.

"Ni mimi," alisema Anzuruni.

"Sikusikia."

"Chanzo ni mimi! Piga filimbi! Mfungieni utepe mke wangu, jamani, tumeni mtu, anangoja!"

Filimbi ikalia. Yule mama alikaa ameshika kamba kidogo, akaiachia, akaenda kuchukua ndoo yake. Ngoma zikaendelea.

Asubuhi, chanzo kilipotolewa nje, Waziri alimpa chaki. Hakumtisha wala hakukohoa. Alimwambia tu kwamba wiki ijayo kuna kikao, na itakayofuata kipo, na kwamba vitakuwepo kila wiki, yeye mwenyewe atahakikisha, alimradi sakafu ikae ilivyokuwa. Anzuruni alipiga magoti. Akafuta mstari mkubwa, akarudisha pindo mahali pake.

Alimkuta Sikitu nyumbani ameketi kitandani, uso umepungua uvimbe, anajaribu viatu. Vilikuwa vinaingia. Alimtazama mumewe magoti yake meupe kwa chaki, na macho yakamng'aa.

"Umefuta?"

"Nimefuta," alisema Anzuruni.